Sanduku la katuni za zamani: usianike juani, usipige pasi

SWALI: Marehemu baba ametuachia sanduku la bati lenye magazeti ya katuni kama 140. Mengi ni Sani za zamani. Kuna pia African Film za mpelelezi Lance Spearman, Pichadithi chache za Kenya, Hulk na Spider-Man za Marekani za miaka ya 1970, na daftari lenye vipande vya Juha Kalulu vilivyokatwa kwenye Taifa Leo. Tunaishi Tanga, karibu na bahari. Magazeti yananuka uvundo, mengine yana ukungu, pini zimeota kutu, na palipochanika baba aliziba kwa selotepu. Nimeshauriwa niyaanike juani kisha niyapige pasi. Je, ni sawa? Na hayo ya Marekani yana bei? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzee. Ushauri huo wa jua na pasi uachane nao kabisa.

Karatasi ya magazeti haya ni ileile ya gazeti la kila siku. Hutengenezwa kwa mti uliosagwa tu, bila kuondolewa lignini, yaani kile kinachozishikanisha nyuzi za mti. Lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka rangi ya chai, na asidi inayozaliwa humo huzikata nyuzi za karatasi kidogo kidogo. Ndiyo maana gazeti la 1970 ukilikunja pembe hukatika kama papadi. Joto huharakisha yote hayo. Jua, mbali na joto, hupausha majalada, hasa wekundu na njano, na rangi ikishapauka hairudi. Pasi nayo hukudanganya: ukurasa unanyooka leo, kumbe umeupikia asidi ndani, umeshindilia vumbi la ukungu kwenye nyuzi, na jalada lenye kung'aa limelainika tayari kugandana na lile la juu yake.

Fuata mpangilio huu: ukungu kwanza, wadudu pili, pini na michaniko baadaye, ndipo uhifadhi. Ukianza na kuyatia kwenye mifuko mizuri huku ukungu ungali hai, utakuwa umeujengea nyumba.

Tenga magazeti mafungu mawili, yenye madoa au harufu na yasiyo nayo, katika vyumba tofauti. Chukua moja lenye ukungu uliguse kwa ncha ya brashi laini. Ukungu ukipeperuka kama unga, umelala. Ukipakaa kama mafuta, uko hai, na ukipiga brashi hapo utausugua ndani ya karatasi. Ulio hai hulazwa kwa ukavu. Simamisha gazeti kwa ncha zake likiwa limefunguka kama pepeo, kwenye chumba chenye kiyoyozi, au chenye feni inayozungusha hewa bila kulielekea gazeti, kwa siku mbili tatu. Unene ukizidi, pachika karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa kumi na uibadilishe asubuhi na jioni. Nunua kipimo kidogo cha unyevu hewani, kile cha dijitali. Ukungu huota unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda, na pwani yetu kiwango hicho ni jambo la kawaida mwaka mzima, masika ndiyo usiseme. Kwa hiyo kazi hii usiianze Aprili.

Ukishakauka, fanyia usafi barazani kivulini, upepo ukiwa mgongoni kwako. Vaa barakoa ya N95 (ile ya kitambaa haizuii vumbi la ukungu) na glavu. Mwenye pumu aache wengine wafanye. Tumia brashi ya nywele laini yenye upana wa sentimita 3 hadi 5, ukifagia kutoka kwenye mgongo wa gazeti kwenda nje, ukurasa kwa ukurasa, bila kukandamiza. Mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida usiisogeze, kwani hufyonza ukungu mbele na kuutema chumbani nyuma. Yenye kichujio cha HEPA inafaa, ukiielekeza kwenye brashi badala ya kwenye karatasi.

Madoa yatabaki. Ni rangi ambayo ukungu umeiacha ndani ya nyuzi, na hakuna brashi ya kuitoa. Hapo ndipo watu huharibu, maana hukimbilia dawa ya kufulia yenye klorini au spiriti. Klorini hung'arisha karatasi wiki ya kwanza, kisha huila. Spiriti huyeyusha rangi za jalada zikatapakaa. Doa ambalo halikui ni salama, liache.

Harufu nayo hutoka polepole. Weka magazeti makavu ndani ya sanduku lenye mfuniko, yakiwa yamesimama na kuachana kidogo, na bakuli la magadi ya kuokea (gramu 200 hivi) pembeni, wiki mbili hadi nne, ukibadilisha magadi kila wiki. Usiyanyunyizie magadi juu ya kurasa. Mkaa wa jikoni hauna nguvu hiyo, na vumbi lake ni balaa. Vidonge vya nondo pia hapana: huacha harufu isiyotoka, hulainisha baadhi ya plastiki, na si vyema kwa mapafu ya watu wa nyumbani.

Sasa wadudu. Tafuta matundu madogo ya mviringo yanayopenya kurasa kadhaa, vumbi kama mchanga mwembamba kwenye kunjo, au majalada yaliyokwanguliwa juujuu. Hayo ya kukwangua ni ya mende, au ya wale wadudu wa kijivu wenye umbo la kisamaki wanaotimka ukifungua kitabu. Dawa yake ni friza. Funga magazeti matano matano kwenye karatasi nyeupe, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufungia vyakula, toa hewa, funga, kisha tia mfuko wa pili. Acha siku 14 kwenye friza ya nyumbani yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukitoa, usifungue hadi saa 24 zipite. Ukifungua kukiwa bado baridi, hewa ya Tanga itageuka maji juu ya karatasi, kama inavyotokea kwenye chupa ya soda. Hakikisha magazeti ni makavu kabla ya kuingia. Na baridi huua wadudu na mayai yao, haiui ukungu, kwa hiyo friza si mbadala wa kazi ya barazani.

Pini ndizo zinazowatisha watu kuliko inavyostahili. Kutu ya rangi tu juu ya chuma haina haraka. Pini ya kutolewa ni ile inayomwaga unga, au ambayo karatasi iliyoizunguka imekuwa ya kahawia na kulegea, kwa sababu kutu husukuma asidi na chembe za chuma ndani ya kunjo mpaka gazeti linaachia katikati. Fungua gazeti kurasa za kati, lilaze mezani. Chomeka kipande cha plastiki nyembamba chini ya mguu wa pini ili karatasi isikwaruzwe, kisha uinue mguu kwa kisu butu chembamba hadi usimame wima kabisa. Fanya hivyo miguu yote. Geuza, ivute pini kutoka nje ikiwa imenyooka. Ikigoma, kata miguu kwa koleo dogo la kukatia waya. Kile kifaa cha ofisini chenye meno mawili kitaondoka na karatasi.

Badala ya pini mpya, shona. Uzi wa pamba au kitani usiotiwa rangi, sentimita 25 hivi, upite kwenye matundu yaleyale, ufungwe fundo kwa ndani bila kukaza. Uzi uliokazwa ni msumeno kwa karatasi ya gazeti. Kama tundu limeshakuwa dirisha, kwanza ziba kunjo kwa njia ya kuziba michaniko, nitakayoieleza hapa chini. Pini za chuma cha pua nazo zinafaa ukizipata, ukizipachika kwa mkono kwenye matundu ya zamani, si kwa stepla.

Selotepu ya baba yako ina hali mbili. Ile iliyokauka, plastiki yake hubanduka yenyewe ukiigusa. Itoe, doa la kahawia lililobaki huwezi kulifanya lolote nyumbani. Ile inayonata bado, iache. Ukiivuta itaondoka na picha, na vimiminika vya kuyeyusha gundi huyeyusha wino vilevile. Ukurasa unaonata uwekee kipande cha karatasi ya kuokea, ile ya kahawia au nyeupe yenye utelezi, ili usigandane na wenzake. Selotepu mpya usiongeze hata moja, hata ile inayouzwa kwa jina la "ya kudumu".

Mchaniko unazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani ya gramu 9 hadi 12 kwa mita ya mraba, na gundi. Vitabu vingi vitakuelekeza upike gundi ya wanga wa ngano. Ni nzuri sana, ila kwa pwani naipa nafasi ya pili, kwa sababu wanga ni chakula cha ukungu na wadudu. Ya unga wa ngano wa chapati ndiyo mbaya zaidi. Tumia methili selulosi, unga mweupe unaouzwa na wauzaji wa vifaa vya sanaa na vya kuhifadhia vitabu. Gramu 3 kwa mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kuchujwa. Mwagia unga kwenye theluthi ya maji yakiwa ya moto, koroga mpaka ulowe wote, ongeza yaliyobaki yakiwa baridi, acha usiku kucha. Asubuhi utapata uji mzito unaopenyeza mwanga, usio na madonge.

Rarua ukanda wa ile karatasi wenye upana wa milimita 5 hadi 8. Rarua, usikate kwa mkasi. Kingo zenye nyuzi hushika bila kuacha mstari, na kingo za mkasi huwa ndipo pa kuvunjikia tena. Paka gundi kwenye ukanda, wala si kwenye gazeti, kisha uulaze ukanda juu ya karatasi ya kunyonya maji kwa sekunde tano ili unyevu uliozidi uondoke. Laza kwenye mchaniko, bonyeza kwa kidole juu ya karatasi ya kuokea, funika kwa karatasi ya kunyonya, weka uzito wa kilo moja. Badilisha ile ya kunyonya baada ya dakika kumi, kisha acha saa nne. Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni maji kuzidi: unyevu husukuma uchafu wa karatasi hadi ukingoni mwa ulipolowa, ukabaki mstari wa kahawia kama wa maji ya bahari kwenye suruali. Jaribu kwanza kwenye gazeti lolote la zamani lisilo na maana. Na kama karatasi ya Kijapani huna, usiweke tishu ya jikoni badala yake. Mfuko mzuri peke yake unaushika mchaniko vya kutosha.

Kuhusu mifuko, jambo ni aina ya plastiki. PVC, ile laini yenye harufu ya pazia la bafuni, hutoa kemikali zinazonatisha wino. Tafuta polipropilini, polithini au polyesta. Bidhaa nyingi za plastiki zina pembetatu yenye namba: 1, 2, 4 na 5 zinafaa, 3 ndiyo PVC. Kama hakuna namba, pasha waya wa shaba motoni hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe motoni. Mwali wa kijani ni dalili ya klorini. Fanya nje, kwa kipande kidogo, usivute moshi wake. Mfuko uzidi gazeti kwa sentimita moja hivi kila upande. Pima magazeti yako kabla ya kuagiza, maana mifuko iliyotengenezwa kwa saizi za Marekani haitayaenea magazeti mapana. Mdomo wa mfuko ukunje tu. Usiubandike gundi, kwanza kwa sababu pwani unahitaji unyevu upate pa kutokea, na pili ule utepe hunasa jalada siku unapolitoa gazeti, na machozi yake huyajua aliyelivuta.

Nyuma ya kila gazeti weka kadi isiyo na asidi, iliyotiwa kalsiamu kaboneti. Kadibodi ya maboksi ya sabuni ina asidi kuliko gazeti lenyewe. Ukikosa kadi, karatasi nne za ofisi zenye alama ya ISO 9706 (kiwango cha karatasi ya kudumu) kwenye kifungashio zitazuia asidi, ingawa hazitalisimamisha gazeti.

Sanduku la bati lina sifa moja kubwa, panya na mchwa hawaliwezi. Tatizo lake ni kwamba usiku bati hupoa, unyevu wa ndani ukageuka matone. Kwa magazeti 140 chukua masanduku mawili ya plastiki namba 5, ya lita 40 au 50, yenye mfuniko wa kubana. Gazeti lililo ndani ya mfuko na kadi lina unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo yote ni kama sentimita 42. Lalisha kwa mirundo isiyozidi sentimita 15, mgongo wa moja kulia na wa linalofuata kushoto, la sivyo rundo litainama upande wa pini na migongo itajikunja. Ukiyasimamisha yabane wima. Yakilegea yatajipinda ndani ya miezi michache.

Ndani ya kila sanduku weka chembe za silika, nusu kilo hadi kilo moja, kwenye kifuko cha kitambaa kisichogusa magazeti. Chagua za rangi ya chungwa. Za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Zikishiba zitageuka kijani au kupoteza rangi, na utazikausha kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili tatu. Kipimo chako cha unyevu sasa kiishi ndani ya sanduku. Lenga asilimia 40 hadi 50. Kikishuka chini ya 35 punguza silika, kwani karatasi iliyokauka mno huvunjika ukiifungua. Mchele, ambao wengi huuweka, haufanyi kazi hiyo kwa kiwango chochote cha maana, tena unaita wadudu. Sanduku likae juu ya kitu, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, na wala si darini chini ya mabati.

Kabla ya kufunga, skani. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili picha za upande wa pili zisionekane. Tumia dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi) kwa rangi, hata kwa kurasa zisizo na rangi, na dpi 600 kwa African Film. Hizo ni picha za kamera zilizochapwa kwa vitone, na vitone vikigongana na mistari ya skana hutokea mawimbi. Ukiskani kwa 600 kisha ukapunguza nakala ya kusomea, mawimbi hupungua sana. Hifadhi kwa TIFF, muundo wa faili usiopunguza ubora wa picha. Ukurasa wa sentimita 17 kwa 26 kwa dpi 400 ni megabaiti 33 hivi, na gazeti la kurasa 36 ni kama gigabaiti 1.2, basi pangia nafasi mapema. Usilibonyeze gazeti lilale bapa chini ya mfuniko wa skana. Ukurasa ulio pembezoni mwa kioo huku nusu ya pili ikining'inia kwa nyuzi 90 ukishikiliwa na mkono ni salama zaidi.

Kuhusu bei. Magazeti mengi ya Marekani ya miaka ya 1970 yalichapwa kwa wingi, na hali ya kwako haitayainua. Lakini yapo machache ya kuangalia kwanza: The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ambapo mhusika Wolverine anatokea kwa ukamilifu mara ya kwanza; The Amazing Spider-Man namba 129 ya Februari 1974, mwanzo wa mhusika Punisher. Ukiikuta Hulk 181, fungua ukurasa wa barua za wasomaji. Miaka hiyo Marvel, kampuni iliyoyachapisha, ilichapa stempu ndani ya magazeti yake na kuwahimiza watoto wazikate wazikusanye, na gazeti lenye tundu mahali pa stempu huporomoka bei. Hesabu kurasa zote, na bei ya jaladani ikiwa kwa peni usidhani ni bandia, kwani nakala za soko la Uingereza zilichapwa Marekani pamoja na zile za senti. Haya mawili usiyashone wala kuyaziba. Kampuni za kupima hali kama CGC huandika kila marekebisho, na wanunuzi huyakwepa. Na ukikuta nakala kubwa kuliko kawaida ya Action Comics namba 1, gazeti lililomtambulisha Superman, isiyo na jalada la nje, ni karibu hakika chapa ya 1974 iliyovuliwa jalada lake, wala si ya 1938.

Ila ungeniuliza lipi la kuokoa kwanza sanduku likidondokewa na maji, ningekuambia Sani. Hulk ya 1974 ipo kwa maelfu kwa wakusanyaji wa Marekani. Sani, iliyopewa jina kutokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, ilisomwa mkono kwa mkono mpaka ikachakaa, na zilizosalia nyingi zilifungia karanga. Anayeziwekea orodha kwa namba na tarehe atakuta mapengo ambayo hayazibiki popote. Vivyo hivyo Lance Spearman na zile za Kiswahili zilizofuata nyayo zake, kama Film Tanzania ya Faraji Katalambulla. Kwa hiyo usiyapeleke kwa fundi wa kujalidi. Ataziunganisha pamoja, kisha atazipunguza kingo kwa mashine, na mara nyingi tarehe na namba ziko pembezoni hapo.

Daftari la Juha Kalulu libaki daftari. Vipande vimeshashikana na gundi ya enzi hizo, na kuvibandua ni kuvipoteza. Skani kila ukurasa mzima, pamoja na mwandiko wa mzee kama aliweka tarehe, pachika karatasi ya ISO 9706 kati ya kurasa, kisha lilaze peke yake juu ya mirundo, lisibebe kitu.